Mafuta Yasiyoyeyuka Oktoba

Oktoba kwetu, karibu na Matiliku, ulikuwa mwezi wa kungoja. Mvua haijafika, udongo umepasuka, na hewa juu ya vilima inatetemeka kama inayotaka kusema jambo ikashindwa. Katika joto hilo kila kitu chenye mafuta kililegea. Samli ya mama iligeuka maji ndani ya kibuyu. Sabuni ilitoka jasho. Mshumaa uliosahaulika dirishani uliinama taratibu mpaka ukalala kwenye ubao.

Kitu kimoja tu hakikulegea. Kwenye rafu ya jikoni lilikaa kopo la mafuta ya kupikia, na mama alipolifungua nilichungulia ndani nikaona weupe uliotulia, laini, na alama ya kijiko cha jana bado imechorwa vilevile ilivyoachwa.

"Angalia," mama aliniambia. "Jua lote hili, na hayajali."

Nilikuwa mdogo, miaka ya sitini. Nilipenda kuegemeza shavu langu kwenye kopo hilo na kufumba macho. Nilijiona nikitembea juu ya ule weupe, uwanda mkubwa usio na miiba wala vumbi, ambako hakuna ng'ombe anayekufa. Maana ng'ombe wetu walikuwa wamekufa. Ukame ulikuja ukawachukua, na kibuyu cha kusukia maziwa kikabaki kimening'inia ukutani, chepesi, kikigongagonga kila upepo ulipoingia. Samli iliyobaki ilikuwa ya kuombwa kwa jirani. Kisha kopo likaja. Mafuta yasiyohitaji ng'ombe, na kwa hiyo yasiyohitaji nyasi, na kwa hiyo yasiyohitaji mvua. Siwezi kumlaumu mama kwa kuyapenda. Yalikuwa kitu cha kwanza jikoni kwake ambacho anga halikuweza kumnyang'anya.

Nikikumbuka utoto wangu, nausikia mwethya ukipanda kilima. Mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Kwetu wengi walikuwa wanawake, na kazi yenyewe ilikuwa kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Walichimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, ndiyo maana matuta hayo yakaitwa fanya-juu. Leo kwako, wiki ijayo kwangu. Hakuna aliyelipwa. Mwenye shamba alipika isyo, mahindi na kunde zilizochemshwa pamoja, na hapo ndipo alipopimwa. Wanawake hawakuuliza sufuria ni kubwa kiasi gani. Waliinama wakatazama juu ya chakula kama kunang'aa.

Mama alikuwa na kipimo chake. Ukiinama juu ya sufuria usijione, ongeza mafuta.

Mchekeshaji wa kikundi alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, rafiki wa mama tangu walipoolewa mwaka mmoja kwenye vilima vinavyotazamana. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake haukupumzika hata jembe lilipopumzika. Kila mwethya ulipofika kwetu alichomoa kichana kwenye kilemba chake, akainama juu ya sufuria na kujifanya anachana nywele.

"Kwa huyu sibebi kioo," alisema. "Kioo nakikuta."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama alitazama pembeni kuficha furaha yake. Nadhani hakuna sifa nyingine aliyowahi kupewa iliyomkaa moyoni kama hiyo.

Miaka ilipita kama inavyopita ndotoni, bila mlango. Baba alifariki nikiwa shuleni. Nikasomea ualimu wa sayansi kimu, nikapelekwa kufundisha wasichana huko Nuu, upande wa Kitui, mbali kiasi kwamba nilirudi nyumbani likizo tu. Na kila niliporudi nilikuta tuta moja zaidi limepanda kilimani. Shamba letu limelala kwenye mteremko mkali. Mama na mwethya walianza chini, karibu na nyumba, na kwa miaka hiyo yote walikuwa wakipanda kuelekea kileleni, ambako kulikuwa na korongo lililokula udongo kila mvua iliponyesha. Mama alitaka kulifikia korongo hilo akiwa na jembe mkononi.

"Sitaki kuwa mpishi wa wanaochimba," aliniambia. "Nataka tuta la mwisho liwe na jasho langu."

Katikati ya mteremko kuna jiwe pana. Watoto walilitelezea, mbuzi walilala juu yake, na mama alilipita miaka yote bila kuligusa. Likizo moja mwishoni mwa miaka ya themanini, tulipokuwa tukipanda pamoja, alikaa juu yake.

"Umechoka, mwaitu?" nilimuuliza. Mwaitu ndivyo sisi tunavyomwita mama.

"Nasikiliza ndege," alisema.

Nikanyamaza nami nisikilize. Sikusikia kitu, ila upepo katika mabua makavu. Likizo iliyofuata alisikiliza ndege muda mrefu zaidi, na ngumi yake ikiwa imebanwa katikati ya kifua.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, akamweleza vizuri kwamba mishipa inayolisha moyo wake imekuwa myembamba, akampa vidonge, akamwambia aache mafuta ya wanyama. Mama aliitikia kila neno. Na alitii, nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu hupenda kusema wazee wetu hawasikii. Aliacha nyama ya mbuzi yenye mafuta. Aliacha samli hata alipoletewa zawadi. Halafu, ili chakula kisimshinde kumeza, akaongeza mafuta ya kopo.

"Daktari alikataza ya mnyama," alinieleza, akinigeuzia kopo nione. "Haya yana picha ya jani. Hakuna mnyama hapa."

Nilimkubalia. Nami nilikuwa nikiwafundisha wasichana wangu kwamba mafuta ya mimea ni salama, na kopo lilikuwa la mimea kweli. Nilirudi Nuu nikiwa nimeridhika. Mama akarudi kwenye jiwe.

Nilikuja kuelewa taratibu, kwenye chumba cha walimu, kwa jarida la afya ambalo mtu alilileta kufungia vitabu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaenda nje nikakaa kwenye kivuli cha tangi la maji na kusoma tena. Dunia ilikuwa kimya, mbuzi wa watu wakipita mmoja mmoja nje ya uzio, kengele zao zikilia kama zinatoka chini ya maji.

Jarida lilinikumbusha jambo nililofundishwa chuoni kama maajabu. Mafuta ya mbegu kwa asili yake hutiririka. Ili yagande na kukaa muda mrefu bila kuvunda, kiwandani huyapasha moto na kuyapitishia gesi, pamoja na unga wa madini wa kuharakisha kazi, mpaka yanabadilika umbo. Tulishangilia hapo darasani. Hatukuambiwa kwamba kazi hiyo ikiishia katikati, sehemu ya mafuta hayo hugeuka kitu ambacho mwili wetu haukukizoea, na kwamba makopo mengi ya siku zile yalikuwa na mafuta ya namna hiyo.

Nilifika nyumbani Agosti. Agosti kwetu ni mwezi wa mawingu ya chini na baridi ya asubuhi. Vilima hupotea mpaka saa nne, na sauti za watu hutokea kabla ya watu wenyewe. Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni akisuka kiondo. Alisokota uzi wa mkonge kwenye paja lake, akaupitisha, akavuta. Nikakaa chini karibu na magoti yake, kama zamani.

"Mwaitu, kiondo hicho ukikiminya kinafanyaje?"

"Kinaminyika. Wewe ni mwalimu, hujui kiondo?"

"Na ukikiachia?"

"Kinarudi." Alinitazama. "Unaumwa?"

"Siumwi. Tuseme umesuka, na kati ya nyuzi zako ukapitisha waya."

"Mtu gani anasuka kiondo na waya?"

"Tuseme tu."

Mikono yake ilisimama. Alipenda swali la kazi yake kuliko maswali yangu mengine yote. "Kitasimama vizuri," alisema baada ya kufikiri. "Ukikiweka sokoni kitawashinda wenzake kwa kusimama. Lakini siku ya kubeba mahindi hakitatanuka. Na pale waya unapogusana na uzi, uzi utasagika kidogokidogo. Kitatobokea hapo."

Nikamwambia kwamba ndani yake yeye, na ndani yangu, kuna viondo vidogo vidogo visivyohesabika, vidogo kuliko chembe ya vumbi inayoelea kwenye mwanga wa dirisha. Nyama ya moyo ni viondo hivyo. Ngozi ya ndani ya mshipa wa damu ni viondo hivyo vimepangwa kimoja kando ya kingine. Kila kimoja kina ukuta, na ukuta huo umesukwa kwa mafuta. Mwili hauulizi mafuta yametoka wapi. Unasuka kwa uzi ulioletwa. Uzi wa mafuta yanayotiririka umepinda kama kiwiko, kwa hiyo ukilala kando ya mwenzake huacha nafasi, na ukuta hunyumbulika, ukapitisha kinachotakiwa na kuzuia kisichotakiwa. Uzi wa yale ya kopo umenyooshwa na kiwanda. Hulala sambamba na kushikamana.

"Ndiyo maana hayayeyuki," nilisema. "Yameshikana."

Mama aliminya ukingo wa kiondo chake. Ukungu uliingia mpaka kizingitini ukasimama hapo pamoja nasi.

Nikaendelea polepole, kwa sababu sehemu iliyofuata ndiyo ngumu. Nilimkumbusha miiba yote aliyonitoa miguuni. Mwiba ukiingia, mguu unavimba, unawaka, unakuwa mwekundu. Uvimbe huo ni askari wa mwili wamefika kupigana. Mwiba ukitoka, wanarudi kwao. Sasa, ngozi ya ndani ya mishipa ikisumbuliwa na mafuta haya, askari huja vilevile. Ila mwiba wenyewe tunaupika tena kesho, na kesho kutwa. Askari hawaendi kwao. Wanakaa na moto wao miaka mingi, na moto usiozimwa huanza kuunguza hata nyumba uliyokuja kuilinda. Mafuta mabaya ya damu huongezeka, yale mazuri yanayofagia hupungua, na pale palipounguzwa ndipo uchafu hupata pa kushika. Mshipa unakuwa mwembamba.

"Si kijiko kimoja," nilimwambia. "Wala si kosa lako. Hakuna aliyetuambia."

Alinyoosha mkono akapapasa kiondo chake ambacho hakijaisha, kutoka kitako hadi ukingoni.

"Kwa hiyo kile nilichokipenda," alisema, "cha kusimama kwenye jua."

"Ndicho."

Akaweka kiondo chini. Nilitegemea aulize kuhusu moyo wake. Lakini aliuliza, "Na mwethya?"

Zamu yetu ilikuwa wiki ileile. Tuta la mwisho, lile la korongoni. Kikundi chote kingepanda mpaka juu, na kikishuka kingetazama sufuria. "Watu wamechimba tangu alfajiri," mama alisema, "niwape isyo iliyopauka kama miguu isiyopakwa mafuta? Watasema nimekuwa mchoyo siku ya mwisho."

Nilimwambia tutafute njia. Nilikuwa nimebeba chupa ya mafuta ya alizeti, ya kutiririka, na karanga za kukaanga na kutwanga. Jaribio la kwanza liliungua. Karanga zilishika chini ya sufuria na jikoni kukanuka moshi mchungu. Mama alicheka mpaka akashika kifua, nami nikaogopa, lakini alikuwa anacheka tu. La pili tulipunguza moto, tukatia karanga mwishoni na kijiko cha mafuta. Lilikuwa tamu, zito, la rangi ya udongo wa mvua ya kwanza. Ila halikung'aa. Mama aliinama juu yake, akageuza kichwa huku na huku. "Sijioni," alisema.

Siku ya mwethya majembe yalianza kusikika ndani ya ukungu kabla sijawaona wachimbaji. Mama alipanda nao. Alikaa kwenye jiwe, akainuka, akapanda tena. Nilibaki na sufuria, nikisikia sauti zikipungua kileleni kama zinaingia mbinguni. Mchana walishuka, wamejaa udongo hadi magotini, na jirani yetu wa ng'ambo ya mto alikuwa mbele. Alishachomoa kichana.

Aliinama. Akakaa ameinama. Kisha akakirudisha kichana kwenye kilemba, polepole, ili kila mtu aone.

"Jamani," alisema, "leo kioo kimevunjika."

Kicheko kikaanza pembeni. Mmoja akasema, "Mafuta yameishia Nuu, kwa mwalimu. Hamwoni alivyonenepa?" Mwingine akasema, "Mwacheni, tuta limekwisha, anatuhitaji tena wa nini?" Ulikuwa utani, lakini wa mwisho ulikuwa na ncha, na niliona uso wa mama ukijifunga. Nilifungua mdomo nieleze. Mama aliinua mwiko, na nikanyamaza.

"Leta kiondo chako," alimwambia rafiki yake.

"Cha nini?"

"Leta."

Mama alikichukua, akaenda kwenye uzio wa kuku, akakunjua kipande cha waya, akarudi na kuanza kukisukuma katikati ya nyuzi.

"We mama! Utaniharibia!"

"Eeh," mama alisema, akisukuma. "Sasa kiminye."

Rafiki yake alikiminya. Kilikataa. Alipolazimisha, uzi mmoja ulikatika, mlio mdogo sana ambao sote tuliusikia.

"Ndivyo mafuta ya kopo yalivyonifanya hapa," mama alisema, akaweka ngumi kifuani. "Daktari ameona. Mishipa imekuwa myembamba. Nameza vidonge. Sikutaka mjue."

Hakuna aliyecheka. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na jua jembamba lilimulika majembe yaliyolala.

"Tangu lini?" aliuliza rafiki yake.

"Tangu mlipoanza kuniona pale kwenye jiwe nikisikiliza ndege."

Jirani yetu alikaa chini kwenye vumbi, kiondo mapajani. "Nilijua," alisema. "Nilijua hakuna ndege pale." Akaanza kuuchomoa waya, taratibu, akilainisha nyuzi kwa kidole gumba zirudi mahali pake. Karibu zote zilirudi. Uliokatika aliufunga fundo. Kisha akanyoosha bakuli lake bila kuinua macho.

"Nipakulie. Nina njaa ya korongo zima."

Alikula. Tulimngoja wote, mama akiwa bado ameshika mwiko.

"Chumvi imepungua," alisema, "lakini ni chakula." Akanyoosha bakuli tena.

Sitasema kijiji kizima kilibadilika. Nyumba nyingine sufuria ziliendelea kung'aa miaka mingi, na sikuwalaumu. Kopo lilikuwa limewasaidia siku zilizokuwa ngumu. Lakini kwenye kikundi chetu ulizuka utaratibu ambao hakuna aliyeupigia kura. Kila nyumba mwethya ulipofika, kabla ya mpishi kutia mafuta, alichota kwanza sufuria ndogo akaiweka kando na kuifunika. Iliitwa sufuria ya mama wa jiwe. Baadaye mwanamke mwingine akaomba achotewe humo, kisha mwingine, na nilipoletewa habari hizo Nuu niliambiwa sufuria ndogo imebidi kubadilishwa ikawa kubwa.

Wala sitasema mafuta yalimponya mama. Aliendelea na vidonge vyake, na kilichokwisha kuharibika ndani yake hakikurudi kama kipya. Uzi uliofungwa fundo unabeba, lakini fundo lipo. Nataka tu kukueleza wewe unayesoma, kama ninavyowaeleza wasichana wangu, kwamba mwili haukati tamaa haraka. Kila siku unasuka upya sehemu fulani, na siku yoyote unaweza kuuletea uzi ulio laini zaidi.

Oktoba ya mwaka ule nilipata ruhusa ya siku chache nikarudi. Joto lilikuwa lile la utotoni. Vilima vilitetemeka, kibuyu cha zamani kilikuwa bado ukutani. Kwenye rafu, mahali pa kopo, palisimama chupa, na mafuta ndani yake yalisogea nilipoigusa, ya dhahabu, yamelegea kabisa. Makopo matupu yalikuwa nje yamepangwa kando ya ukuta, yametobolewa vitako, kila moja na mche wa mpapai.

Mama na rafiki yake walitaka kuniona nikiona tuta la mwisho. Tulipanda watatu, polepole. Kwenye jiwe mama alikaa, na rafiki yake akakaa karibu naye bila kuulizwa, bega kwa bega. Nami nilikaa, maana nilikuwa nahema kuliko wote, na jirani alinitazama kwa huruma iliyozidi kidogo.

"Mandazi ya chumba cha walimu hayo," alisema.

Tukatulia. Joto lilisimama juu yetu. Mkono wa mama ulikuwa umelala pajani, umefunguka. Nikangoja uinuke uende kifuani, na haukuinuka. Kisha, mahali fulani juu kwenye mabua, ndege aliita, mara moja, waziwazi.

Mama aligeuza uso kumtazama rafiki yake.

"Huyo je?" alisema. "Haya, twendeni."

Akainuka wa kwanza.